Shingo yenye vipele na mashine ya chuma ya mjomba

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 26, naishi Mabatini, nafanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Kazini hawataki ndevu, na msimamizi anatukagua kila asubuhi getini. Nanyoa kila siku kwa nyembe za plastiki zenye makali matatu. Shingo imejaa vipele, vingine vina usaha, na madoa meusi mpaka naona aibu kufungua kifungo cha juu cha shati. Nimepaka spiriti, nimepaka ndimu, na sasa natumia krimu ya tyubu niliyouziwa duka la dawa. Mjomba amenipa mashine yake ya chuma ya zamani, ile unayofungua na kuweka wembe mmoja. Wenzangu wanasema nitajichinja. Itanisaidia, au nifuge ndevu tu na nitafute kazi nyingine? Na nikizifuga nizitunzeje? Likizo naenda kwetu Ukerewe, ambako tunaoga na kunyolea maji ya ziwa.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Kazi usiiache. Mashine ya mjomba itakusaidia, ila si wiki hii, kwa sababu shingo uliyonielezea ina vidonda, na vidonda havipitishiwi wembe. Nitakuandikia utaratibu wote wa miezi miwili ijayo. Lakini kwanza nikueleze kinachotokea chini ya ngozi, maana vijana wengi ninaowaona kliniki waliambiwa wanyoe vizuri, wakaelewa wanyoe mpaka shavu liteleze, na hapo ndipo tatizo lilipokua. Wewe unanyoa karibu mno. Hilo ndilo jibu langu, na yote yanayofuata ni namna ya kunyoa bila kufika huko.

Unywele wa ndevu zetu watu weusi hutoka ndani ya ngozi ukiwa umeshapinda, kwa kuwa hata kifuko unamoota kimepinda. Wembe unaukata kwa mshazari na kuuachia ncha kali. Siku moja au mbili baadaye ncha hiyo inarefuka kidogo, inajikunja kama ndoano na kurudi kuichoma ngozi milimita chache kutoka pale ilipotokea. Mwili unauchukulia unywele huo kuwa kitu kigeni, unapambana nao, na wewe unaona kipele, pengine chenye usaha hata kama hakuna kijidudu ndani yake. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi, na ndiyo ninayoishuku kwako: unywele unakatwa chini ya usawa wa ngozi, na unapokua tena unatoboa ukuta wa kifuko chake kabla haujatoka nje.

Kliniki huwa naweka taa pembeni ya shingo ya mgonjwa na kutazama kwa kioo cha kukuza. Katikati ya kipele unaonekana mstari mweusi mwembamba uliojiviringa chini ya ngozi, wakati mwingine kitanzi kamili ambacho ncha zake zote mbili zimezama. Nikipitisha sindano safi chini ya kitanzi na kukiinua, unywele unafyatuka na kusimama, na unaweza kukuta una nusu sentimita nzima. Huwa nampa mgonjwa kioo auone mwenyewe. Wengi wananiambia walidhani ni chunusi au damu chafu, na walikuwa wakivisugua vipele hivyo kwa dodoki kila asubuhi kwa bidii zote.

Sasa zile nyembe zako za plastiki. Zimeundwa zikate chini hivyo hivyo. Kali la kwanza linaushika unywele na kuuvuta juu kidogo, na kabla haujarudi, la pili na la tatu yanaukata. Ukirudi mahali pake, ncha inabaki imezama. Gillette walitoa wembe wa makali mawili sambamba mwaka 1971, wa matatu mwaka 1998, wa matano mwaka 2006, na kila mara walichokiuza ni ulaini wa shavu. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka ulaini huo hauna gharama, kwa kuwa unywele wake uliokatwa chini unachipua moja kwa moja kupitia tundu lake. Wako unapinda ungali ndani.

Mashine ya mjomba ni ya ukoo mwingine. Inatokana na ile ambayo King Camp Gillette alianza kuiuza Marekani mwaka 1903, akapewa hataza mwaka 1904. Mwaka ule wa kwanza ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 tu, ila mpangilio wake haujabadilika sana mpaka leo: wembe mmoja mwembamba, unene wa sehemu ya kumi ya milimita, unabanwa kati ya kofia na bamba la chini, na kinachotokeza ni ukingo peke yake. Mdomo wa bamba unaigusa ngozi pamoja na makali na kuyazuia yasizame. Kwa hiyo kujichinja wanakokutishia wenzako sahau. Kujikata kidogo kunawezekana, hasa mwanzoni, na tutalizungumzia. Lililo muhimu kwako ni kwamba hakuna kali la pili la kuukata unywele uliovutwa. Ukinyoa mara moja, kwa kufuata njia ya nywele, unywele unabaki sawa na ngozi au juu yake kidogo. Jioni ukipapasa utasikia mkwaruzo mdogo. Mkwaruzo huo ndio tunaoutafuta, na usishawishike kuuondoa.

Wiki nne za kwanza usitumie wembe wowote, wa plastiki wala wa chuma. Tumia mashine ya umeme, ile wanayotumia vinyozi, uipitishe bila kuikandamiza na uache kama milimita moja. Ukiweza nunua ya kwako. Ndogo za kuchaji utazipata ukizunguka Makoroboi au kwenye maduka ya vipodozi mjini. Najua msimamizi wako ataiona hiyo milimita moja. Kwa hiyo anza na kliniki, uandikiwe barua, kisha umfuate kwa hiari yako kabla hajakusimamisha getini. Viwanda vya chakula havitaki ndevu kwa sababu nywele zinaanguka kwenye minofu, na kile kineti cha ndevu kinachoning'inizwa masikioni kinatimiza lengo hilo hilo. Mwambie ni wiki nne, mwonyeshe shingo, mpe barua. Usiende kumlalamikia. Nenda na suluhisho mkononi.

Spiriti iache leo. Ule ukali unakufanya uamini kuna kitu kinauawa, kumbe kinachowaka ni ngozi iliyochubuka, ambayo inazidi kukauka na kupasuka. Ndimu ni mbaya zaidi, hasa kwa watu wa huku ziwani. Maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, yanaungana na mwanga wa jua kuunguza. Malengelenge hutokea siku moja au mbili baadaye, na yakikauka yanaacha doa linaloweza kudumu miezi. Nimetibu shingo za wavuvi waliopaka ndimu asubuhi wakaingia kwenye mtumbwi, ambako jua linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye maji kwa wakati mmoja.

Krimu ya tyubu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Soma boksi lake. Ukiona klobetasoli au betamethasoni, hiyo ni steroidi kali, na mara nyingi imechanganywa na dawa ya fangasi na antibiotiki ndani ya tyubu moja ili ionekane inatibu kila kitu. Siku chache za mwanzo uvimbe unashuka na muwasho unatulia, unafurahi, unaongeza. Wiki zikipita ngozi inakonda, inaota chunusi zinazoletwa na dawa yenyewe, na kama kulikuwa na fangasi inaenea bila kuonekana. Ikiwa umeipaka siku chache tu, iache. Ikiwa ni kila siku kwa wiki nyingi, usiikate ghafla kabla hujaonana na mtu wa ngozi, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi huweza kulipuka vibaya ikinyimwa.

Badala ya hayo yote, kila jioni chovya kitambaa safi kwenye maji ya vuguvugu, kikamue, kiweke shingoni dakika kumi, halafu usugue kwa mzunguko, taratibu sana. Vitanzi vingi vitafunguka vyenyewe. Kile unachokiona juu kabisa kiinue kwa ncha ya sindano mpya iliyofutwa kwa spiriti, kisha ukiache kisimame. Usiking'oe kwa kibanio, kwa maana unywele uliong'olewa unaanza safari upya kutoka chini na unaweza kutoboa pembeni tena. Kilicho ndani usikichimbe. Na kama ukikatwa au kuchomwa huwa unaota kovu linalofura na kuendelea kukua, usiguse kipele chochote kwa sindano. Niachie mimi au mwenzangu wa kliniki.

Kisha paka asidi ya salisiliki ya asilimia 2, usiku mmoja ukipaka na mmoja ukipumzika, mpaka ngozi izoee. Inafungua mlango wa kifuko na kuondoa ngozi mfu inayoziba njia. Vile vipele vya usaha unaweza kuvigusa kwa benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, ila ujue inachuja rangi ya nguo. Usiku vaa fulana nyeupe na utandike taulo usilolijali. Madoa meusi ni alama ya uvimbe uliopita, nayo hupungua yenyewe kwa miezi kadhaa mradi vipele vipya havitokei na jua haliyakolezi. Kofia yenye ukingo mpana na krimu ya kukinga jua ya SPF 30 vitakufaa kuliko krimu yoyote ya kuchubua. Za kuchubua nakusihi usizikaribie.

Wiki nne zikipita na ngozi imetulia, chukua mashine ya mjomba. Ifungue vipande vyake vyote. Utakuta sabuni ya miaka mingi imeganda pembeni mwa bamba na kwenye mifereji ya mpini. Iloweke kwenye maji moto yenye sabuni ya vyombo, isugue kwa mswaki wa zamani mpaka maji yatoke safi, halafu iloweke kwenye spiriti dakika kumi na uikaushe. Hapo ndipo mahali pa spiriti, kwenye chuma. Angalia kama mdomo wa bamba umepinda au kofia haikai sawa. Ikiwa wembe unatokeza upande mmoja zaidi ya mwingine, mshukuru mjomba, itunze kama kumbukumbu na utafute mpya. Wembe uliomo ndani usiujaribu hata kama unang'aa. Weka mpya.

Kuhusu nyembe zenyewe, zile za kawaida za makali pande mbili zilizopo dukani kwa Mangi zinafaa. Chagua za chuma kisichoshika kutu, nunua pakiti moja ya aina moja, ukiona zinavuta jaribu aina nyingine. Wembe mmoja utumie mara tatu hadi tano. Ukianza kuvuta badala ya kukata, toa, hata kama ni mara ya pili. Ndevu zetu ni nene na wembe mmoja haufiki bei ya soda, kwa hiyo hakuna sababu ya kuubembeleza. Usiufute makali kwa taulo, suuza tu na ukung'ute.

Hapa mjini una bahati moja: maji ya bomba yanatoka ziwani, nayo ni laini, hivyo sabuni inatoa povu upesi. Ukisafiri kwenda kunakotumika maji magumu ya visima utaona tofauti. Ukerewe ni habari nyingine. Maji ya ufukweni yana kichocho, na mabuu yake yanapenya ngozi hata isiyo na mchubuko, sembuse shingo iliyotoka kunyolewa. Usinyolee majini wala kwa maji yaliyochotwa muda huo huo. Yachemshe kisha uyaache yawe vuguvugu, au tumia yaliyokaa ndani ya pipa lenye mfuniko kwa siku mbili, ambapo mabuu hayo yanakuwa yamekufa. Yachujwe wakati wa kuchotwa ili konokono wasiingie pipani. Na kuoga je? Kanuni ni ile ile, mdogo wangu, maji ya ndoo yaliyochemshwa au yaliyokaa. Nyumbani watakushangaa mwanzoni.

Nyoa baada ya kuoga, au baada ya kitambaa cha maji moto kukaa usoni dakika tatu. Unywele mkavu ni mgumu kukata, na ukishanyonya maji unalainika kiasi kwamba wembe unapita bila kuvuta. Usiharakishe hatua hii kwa sababu gari la kazini linapiga honi. Kama asubuhi huna muda, nyoa usiku.

Sabuni ya mche waachie wafuaji. Inakausha ngozi, na povu lake linakatika kabla hujamaliza shavu moja. Tafuta sabuni au krimu ya kunyolea iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na brashi ndogo yenye nywele za sintetiki, ambayo hukauka haraka. Chovya brashi, ikung'ute, izungushe kwenye sabuni kama nusu dakika, kisha ijenge povu usoni kwa mizunguko ukiongeza tone moja moja la maji. Unatafuta povu zito lenye unyevu, lisilo na mapovu makubwa, linalong'aa kidogo. Likionekana kavu ongeza maji. Mzunguko huo wa brashi nao unaziinua nywele zilizoanza kulala, kwa hiyo hata kama povu la mkebe unalo, brashi inakufaa kuliko mkono.

Kabla ya siku hiyo uwe umeshaichora ramani ya ndevu zako. Ziache siku mbili, kisha pitisha vidole taratibu kwenye kila eneo, juu, chini, kushoto, kulia. Upande ambao vidole vinateleza ndiko nywele zinakoelekea. Mashavuni kwa kawaida zinashuka. Shingoni usidhani. Kuna watu zinapanda kuelekea taya, wengine zinalala kuelekea koromeo, na wengine zinazunguka chini ya sikio moja na si la pili. Chora kwenye karatasi na ubandike karibu na kioo. Shingo yako iliyojaa vipele inaniambia kwamba huwa unaikwangua kutoka chini kwenda juu bila kujua nywele zinaelekea wapi.

Shika mpini kwa ncha za vidole, karibu na mwisho wake. Weka kofia ishike shavu, mpini ukiwa umetokeza mbali nawe, kisha uteremshe mpini taratibu mpaka usikie makali yamegusa. Hiyo ni takriban nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Utaijua pia kwa sauti, kwa kuwa wembe ukikata vizuri unasikika ukizikata nywele moja moja, na ukikosea pembe unanyamaza au unakwaruza. Sasa teremsha sentimita mbili au tatu, suuza, teremsha tena. Usikandamize hata kidogo. Nyembe za plastiki zimekufundisha kukandamiza, na mazoea hayo ndiyo yatakayokukata. Uzito wa kichwa cha mashine unatosha. Ukifika kidevuni na kwenye pembe ya taya, fupisha zaidi na ubadilishe pembe ya mkono kufuata mfupa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi watakupinga. Video za mtandaoni, nyingi zikiwa za watu wenye ndevu zilizonyooka, zinafundisha mipito mitatu, kwa njia ya nywele, kwa kukatisha, halafu kinyume, huku ngozi imevutwa ikaze. Wao wanapata raha. Wewe utarudi kliniki. Pita mara moja tu, kwa njia ya nywele, na ngozi iache ilivyo. Ukiivuta, unywele unatokeza, unakatwa, na ukiiachia unazama chini ya ngozi, kitu kile kile tulichokuwa tunakikimbia. Shingoni inua kidevu kidogo tu ili mikunjo ifunguke. Ukiona sehemu imeruka, paka povu upya uipitie, na kamwe usipitishe wembe kwenye ngozi kavu.

Ukimaliza, suuza kwa maji ya baridi. Chukua kipande cha shabu, kile kile wanachotulizia maji ya kunywa vijijini, kiloweshe, kipitishe usoni, ngoja nusu dakika, suuza. Kinakaza ngozi, kinasimamisha damu ya mikato midogo, na pia kinakusahihisha: mahali panapowaka ndipo ulipokandamiza. Shabu hiyo iwe ya kwako peke yako. Kausha kwa kugusagusa na taulo safi, paka losheni nyepesi isiyo na manukato. Usiku wa siku uliyonyoa usipake asidi. Mashine ifungue, isuuze, ikaushe na uitoe bafuni.

Nyoa siku moja, ruka moja, na siku ya kuruka pitisha mashine ya umeme ikiwa getini ni kukali. Usinyoe leo ukaacha siku nne halafu ukanyoa tena, kwa kuwa unywele unakua kama theluthi moja ya milimita kwa siku, na siku hizo nne ndizo unazofikia urefu wa kupinda na kuchoma. Ama uukate kabla, ama uuache upite kabisa.

Nyembe zilizotumika tia kwenye kopo la bati uliloligonga tundu jembamba juu. Watoto na wanaokusanya taka Mabatini wana mikono kama wewe.

Saluni usiikimbie, ila nenda na wembe wako mwenyewe, au uone ukifunguliwa kwenye karatasi mbele ya macho yako. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili siku saba, ndani ya tone la damu usiloliona. Kufuta mashine kwa kitambaa hakukiondoi. Muulize kinyozi wako anasafishaje vifaa vyake, muulize kwa upole, na atakayekujibu kwa uwazi mfanye kinyozi wako wa kudumu. Vifaa vya chuma visivyo na umeme avioshe kwanza kwa sabuni, kisha aviloweke dakika kumi kwenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa sita za maji, avisuuze. Chanjo ya homa ya ini ipo, nenda kapime na uchanjwe. Mapunye na fangasi ya ndevu nayo yanasafiri kwa mashine ya umeme, hivyo meno yake yapigwe brashi na dawa kila baada ya mteja. Na umwambie asikuchonge kwa wembe shingoni. Mstari wa juu wa shavu unatosha.

Umeuliza kuhusu kufuga. Kwa ngozi ya aina yako kufuga ndiyo tiba kamili kuliko zote, na siku utakapofanya kazi isiyokatazwa, usisite. Wiki tatu za kwanza zinawasha na vipele vinaweza hata kuongezeka, kisha nywele zikikaribia sentimita moja zinajivuta zenyewe kutoka kwenye ngozi, zinanyooka, na kidevu kinatulia. Wengi wanakata tamaa wiki ya pili, wakiwa karibu kufika. Zioshe kwa sabuni laini au shampuu mara mbili au tatu kwa wiki, na kwa maji tu siku nyingine, hasa ukitoka kwenye samaki. Zikiwa na unyevu paka matone machache ya mafuta mepesi, yafike mpaka kwenye ngozi, kisha zichane kwa kitana chenye meno mapana kuanzia nchani kwenda mizizini. Ukiona unga mweupe na muwasho, hiyo ni mba ya ndevu, ambayo mafuta zaidi yataizidisha. Tumia shampuu ya ketokonazo ya asilimia 2 mara mbili kwa wiki, iache dakika tano kabla ya kusuuza, kwa wiki mbili hadi nne. Mafuta ya kuotesha ndevu yanayouzwa kwa maneno mengi sikushauri upoteze mshahara wako. Nafasi zilizo wazi shavuni kwa umri wako bado zinaweza kujaa zenyewe.

Njoo kliniki ya ngozi, Bugando, Sekou Toure au iliyo karibu nawe, bila kusubiri wiki nne, ukiona jipu linalouma na kutanuka, homa, nywele zinazong'oka zenyewe pamoja na magamba, au vinundu vigumu vinavyoota kisogoni, maana hivyo vya kisogoni huacha makovu makubwa vikicheleweshwa. Njoo pia kama baada ya wiki nane za utaratibu huu vipele vipya bado vinatokea, kwa kuwa zipo dawa za kuandikiwa. Usinyoe kwa siku mbili kabla ya kuja ili niuone uelekeo wa nywele, na ubebe tyubu zote ulizowahi kupaka, hata zilizoisha.